Nimepiga Windows mara mbili, mapicha bado yanarudi

Ami, asalaam alaykum, na shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 27, nina stesheneri ndogo hapa Chake Chake, si mbali na skuli. Natoa fotokopi, nachapa barua, natengeneza kadi za harusi, na msimu wa maombi ya vyuo na mikopo ukifika wanafunzi hujaa mpaka barazani, nawajazia fomu za mtandaoni mmoja mmoja. Kompyuta ni moja tu, ya mezani. Kaka yangu aliyeko Maskati ndiye aliyeninunulia, ya mtumba: Core i3 ya kizazi cha nne, RAM 4, diski ya kawaida 500, Windows 10.

Tangu ulipomalizika mwezi wa Ramadhani pananichomoza vijitangazo chini upande wa kulia. Mara "virusi 5 vimeonekana", mara leseni ya kinga yangu imekwisha nilipie, mara mapicha ya wanawake nusu uchi. Wiki iliyopita alikuja ustadhi wa madrasa kuchapisha ratiba ya mitihani ya watoto. Nimo kumgeuzia kioo aone kama majina yamekaa sawa, likachomoza moja. Ustadhi akatazama printa. Mimi nikatazama kibodi. Printa ikaendelea kutoa karatasi zake, na sote wawili tukaisubiri kama watu wanaosubiri boti Mkoani. Akalipa, hakungoja chenji.

Jengine, nikiandika neno la kutafuta, Chrome, kivinjari ninachofungulia mtandao, hainipeleki Google tena, inanipeleka kwenye ukurasa nisioujua, matangazo juu mpaka chini. Na mashine ni nzito mno. Asubuhi naiwasha, nafagia baraza, nachemsha chai, nikirudi bado inazunguka.

Fundi wa hapa mjini kasema ni virusi, dawa yake kupiga Windows, yaani kuifuta na kuitia upya. Kapiga, 30,000. Siku nne safi. Siku ya tano nikaingia akaunti yangu ya Google ili nipate alamisho zangu, kurasa nilizoziwekea alama, mambo yakarudi. Kapiga tena, 30,000 nyengine, mara hii hata siku mbili hazikufika. Na katika kupiga huko kadi zangu za harusi, miundo ya miaka mitatu, zote zimekwenda. Alisema kahifadhi kila kitu, kumbe kahifadhi D, na mimi vitu vyangu naviweka juu ya desktopu. Sasa anasema mashine yenyewe imeshaingiwa, ninunue nyengine, na anayo ya kuniuzia.

Kwenye Chrome nilitia nyongeza tano, vile vijiprogramu vya kuiongezea kazi: ya kugeuza PDF kuwa Word, ya kushusha video (watu wanataka kaswida na mawaidha kwenye flashi), ya hali ya hewa, ya kuongeza sauti, na moja ya kuzuia matangazo ambayo haizuii kitu. Usiku mdogo wangu huja kuangalia mpira. Na flashi za wateja nazo zinanisumbua, mafaili yanageuka shotkati. Ami, ninunue hiyo mashine? Na ni nyongeza gani nzuri za kutia?

Mwenye stesheneri, Chake Chake

*

Wa alaykum salaam. Marahaba, mwanangu.

Mashine usinunue, na 30,000 ya tatu usiitoe. Sisemi kama fundi wako ni mwizi. Wengi katika kazi hii tulifundishwa hivyo, kila maradhi dawa moja, kama mganga mwenye chupa moja ya mafuta. Lakini jawabu umeliandika mwenyewe bila ya kujua, katika maneno haya: "Siku ya tano nikaingia akaunti yangu ya Google."

Ukiingia kwenye Chrome kwa akaunti na kuiruhusu isawazishe, huchukua vitu vyako ikaviweka huko Google: alamisho, maneno ya siri, na nyongeza pia. Fundi kafuta diski, sawa, lakini nyongeza mbovu haikuwa kwenye diski peke yake. Umeingia tu, imekufuata na wenzake wanne. Fundi kafua shuka mara mbili, kunguni wamo kwenye kitanda.

Kwa hiyo kazi ya kwanza utaifanya mwenyewe. Ukiwa ndani ya akaunti yako hivyo hivyo, usitoke, andika pale juu penye anuani chrome://extensions, bonyeza Enter. Utaziona zote tano zimejipanga. Ziondoe. Zote, hata ile ya hali ya hewa. Mvua ya Pemba haitaki nyongeza, chungulia dirishani. Ukiziondoa hali umo ndani ya akaunti, zinaondoka na kule kwenye akaunti, ndiyo maana nasema usitoke kwanza. Kisha andika chrome://settings/reset urudishe mipangilio ya mwanzo. Hapo ukurasa wa kutafutia utarudi ulivyokuwa, na alamisho zako hazitaguswa.

Ikitokea nyongeza moja haina kitufe cha kuondolea, na Chrome inakwambia kwamba inasimamiwa na shirika, wakati shirika lenyewe ni wewe na mashine ya fotokopi, basi kuna programu ndani ya Windows inayoishikilia. Hapo niandikie tena.

Ni ipi kati ya hizo tano iliyokugeuzia ukurasa wa kutafutia? Siwezi kuapa, lakini jicho langu liko kwenye ile ya PDF na ile ya video. Ya PDF hukuihitaji hata siku moja. Word kuanzia ile ya 2013 inafungua PDF yenyewe na kuigeuza. Na ukitaka ukurasa wowote uwe PDF, bonyeza Ctrl na P, kisha pale pa kuchagua printa chagua kuhifadhi kama PDF. Ya video nayo, jua kwamba duka la nyongeza la Chrome linakataza nyongeza za kushusha video za YouTube. Inayokuahidi hivyo ama haifanyi, ama imeingia kwa mlango wa uani.

Vile vijitangazo vya pembeni ni kesi nyengine, na mshitakiwa ni mdogo wako. Hizo ni arifa. Kijana anatafuta mpira wa bure, ukurasa unamwambia abonyeze "Ruhusu" kuthibitisha kwamba yeye si roboti. Mechi imeshaanza, ana haraka, anabonyeza. Tokea hapo ukurasa ule una ruhusa ya kukuchomozea utakacho na usichotaka saa yoyote Chrome iko hai, hata kama mpira ulikwisha jana na aliyeko mbele ya kioo ni ustadhi. Windows ikipigwa upya ruhusa inafutika. Usiku ule ule mdogo wako anaitoa tena. Andika chrome://settings/content/notifications, futa kila tovuti iliyoruhusiwa, kisha hapo hapo chagua tovuti zisiruhusiwe hata kuomba. Hilo peke yake litakurejeshea heshima yako leo hii.

Na hizo "virusi 5 vimeonekana" ni mchoro tu, umetumwa na tovuti hizo hizo. Tovuti haiwezi kuingia kwenye diski yako kuhesabu virusi. Kinga ya kweli imo ndani ya Windows 10 na ni bure, ila itazame kama iko hai: fungua Windows Security uone alama za kijani. Mafundi wanaotia Windows ya kuvunjwa, isiyo na leseni, mara nyingi huizima ili ile programu ya kuvunjia isikamatwe, kisha wakasahau kuiwasha. Au hawakusahau.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuniuliza, na ndilo lililonikosesha raha tangu nilipoisoma barua yako.

Ulipokuwa ukitia zile nyongeza, Chrome ilikuonyesha kijisanduku kinachosema kwamba nyongeza hii itaweza kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote unazotembelea. Watu hulisoma sharti hilo kama wanavyosoma nyuma ya tiketi ya boti. Maana yake ni kwamba kila ukurasa unaofunguka hapo, nyongeza inaweza kuona kilichoandikwa, na neno la siri linapochapwa inaweza kulinakili. Na kwenye kompyuta hiyo umewajazia fomu watoto wa watu: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, namba ya mtihani, simu ya mzazi, akaunti ya benki. Sisemi zimeibwa. Nasema mtu usiyemjua alikuwa na ufunguo, na hukujua kama unao wa kumpa.

Hebu fungua chrome://password-manager/passwords. Nadhani utakuta orodha ndefu ya barua pepe za wanafunzi waliokaa kwenye kiti chako, kila mmoja na neno lake la siri ubavuni, maana Chrome ilipouliza "nihifadhi?" ulibonyeza ndiyo ili foleni isonge. Na yote hayo yamesawazishwa, yamo kwenye akaunti yako. Ingekuwa simu yako imeibiwa sokoni, mwizi angelipata ukumbi mzima wa wanafunzi. Futa yao yote, baki na yako.

Kisha wajuilishe. Najua ni jambo zito kwa mwenye biashara. Chukua maneno haya, uyapunguze upendavyo, uwatumie wale wote wenye namba zao kwenye simu yako:

"Asalaam alaykum. Ni mimi wa stesheneri niliyekujazia fomu. Nimegundua kompyuta yangu ilikuwa na programu isiyoaminika. Tafadhali badilisha neno la siri la barua pepe yako na la akaunti yako ya maombi, ufanye kwenye simu yako mwenyewe. Usipojua njia njoo, sitokutoza."

Utaniambia watahamia duka la jirani. Wengine watahamia. Lakini mwanafunzi akikuta namba ya benki kwenye fomu yake ya mkopo imebadilishwa na hukumwambia kitu, huyo hahami, huyo anakuja na baba yake.

Kuanzia sasa mteja asikae kwenye Chrome yako. Pale juu kulia penye picha ya akaunti yako, bonyeza, chagua Mgeni. Linafunguka dirisha tupu, halina nyongeza, halina alamisho, halina neno la siri la mtu. Mtu anajaza fomu yake, anachapisha, mnafunga dirisha, na kumbukumbu za kuingia kwake zinafutika. Kitu kimoja hakifutiki: faili aliloshusha linabaki kwenye kompyuta, kwa hiyo kila jioni safisha folda ya vilivyoshushwa. Na ukichoka kubonyeza, tengeneza aikoni ya pili ya Chrome kwenye desktopu, ibonyeze kitufe cha kulia, nenda kwenye sifa zake, pale ilipoandikwa njia ya programu ongeza mwishoni kabisa, nje ya alama za kufungia, nafasi moja kisha --guest. Iite "Wateja". Ukiibonyeza inafunguka kwa mgeni moja kwa moja.

Sasa hizo nyongeza ulizoniuliza. Kwa duka lako nakupa tatu, na ukiniomba ya nne nitakuuliza ya nini.

Ya kuzuia matangazo ni uBlock Origin, kazi ya Raymond Hill, haitaki pesa na haiuzi kitu. Ila kuna jambo la kulijua. Chrome ilibadilisha kanuni za nyongeza, na kufikia 2025 ile uBlock Origin kamili haifanyi kazi tena humo. Kwenye Chrome utatia uBlock Origin Lite, ambayo ni nyepesi na ina uwezo mdogo kidogo. Firefox, kivinjari chengine, bado inaikubali ile kamili. Ushauri wangu: mtilie mdogo wako Firefox yake, ndani yake uBlock Origin, na arifa zizuiwe humo pia, mpira wake autazamie huko. Bando nalo litapumua, maana matangazo ya video yanakula kama siafu. Angalia jina vizuri wakati wa kutia. Kuna nyongeza nyingi zinazojipaka rangi ile ile na jina la kufanana, na nina shaka hiyo yako isiyozuia kitu ni mojawapo.

Ya maneno yako ya siri ni Bitwarden, ya bure inatosha. Unakumbuka neno kuu moja, mengine inakubebea. Neno kuu hilo liandike kwenye karatasi uifungie kwenye kasha la mama, maana ukilisahau hakuna wa kumpigia simu.

Ya tatu ni SingleFile. Inahifadhi ukurasa mzima, maandishi na picha zake, kuwa faili moja. Maelekezo ya maombi yakitoka, yahifadhi mara moja. Siku mtandao umelala na barazani wapo watu ishirini wanauliza sharti la cheti cha kuzaliwa, unayafungua bila ya bando.

Na hata hizo nzuri, zipitie kila baada ya miezi. Palikuwa na nyongeza ikiitwa The Great Suspender, ya kulaza kurasa zilizo wazi zisizotumika ili kompyuta iwe nyepesi. Nzuri kwelikweli, watumiaji wake walipita milioni 2. Mwaka 2020 mwenyewe akaiuza kwa watu wasiojulikana, na Februari 2021 Google ikaiondoa kwa sababu imetiwa programu hasidi. Watumiaji hawakubonyeza kitu. Walilala na nyongeza nzuri, wakaamka na nyengine kwa jina lile lile.

Ama uzito wa mashine, nyongeza zina dhambi yao, lakini mkosa mkubwa ni diski. Hiyo diski yako ya kawaida ina sahani inayozunguka na kijisindano kinachokimbia huku na huko kutafuta. Asubuhi ukiwasha, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame safu ya diski: nadhani utaikuta asilimia 100 wakati wewe unachemsha chai. Ile pesa uliyotaka kuitoa kwa mashine nyengine, nunua SSD, diski isiyo na sahani wala kijisindano, hata ya GB 240, na ukipata kipande cha pili cha RAM ya 4 tia. Mwambie fundi wako huyo huyo aifunge; kazi hiyo anaiweza. Diski ya zamani usiitupe wala usimwachie, iwe ya akiba ya mafaili yako. Na kama huna UPS, lile sanduku la betri linaloishikilia kompyuta umeme ukikatika, fikiria. Umeme unapokatika katikati ya kuandika, mafaili na diski yenyewe huweza kuumia.

Windows 10 yako, Microsoft ilimaliza kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Haizimiki, ila masahihisho ya usalama hupati mpaka ujiandikishe kwenye ule mwaka wa ziada wa masahihisho unaofika Oktoba 2026. Windows 11 kwa Intel inataka kizazi cha nane kwenda mbele, yako ya nne haimo. Fundi akikwambia anakutilia kwa nguvu, mwambie unafikiria.

Flashi za wateja: mara nyingi mafaili hayajafutwa, yamefichwa, na hizo shotkati ndizo chambo. Usizibonyeze. Ipitishe flashi kwenye Windows Security kwanza, kisha fungua dirisha jeusi la amri (Command Prompt) uandike attrib -h -r -s /s /d F:\*.* ukiweka herufi ya flashi yenyewe badala ya F. Mafaili yatajitokeza. Nakili nyaraka tu, shotkati zifute.

Zimebaki kadi zako za harusi. Fundi alifuta C, na desktopu imo ndani ya C, hilo kila fundi analijua. Kuzifukua kwenye diski baada ya kupigwa Windows mara mbili, usitumai. Lakini kabla ya kuchapa kadi humpelekea mwenye harusi aione kwanza, si ndiyo? Tazama barua pepe ulizotuma, na WhatsApp yako, sehemu ya nyaraka. Uliyoituma kama picha haitakufaa sana. Uliyoituma kama faili la Word au PDF inafunguka na kusahihishika. Zile ambazo simu yako imezifuta, waombe wenyewe wakurejeshee. Anza na bibi harusi wa karibuni kabisa, huyo bado anayo kadi yake kwenye simu na bado anamuonyesha kila anayekuja.